Arafa za mabadiliko ya safari ya ndege: hakikisha nambari, kisha hakikisha saa

Ndugu uliyeuliza kutoka Kakamega, umesema umemnunulia baba yako tiketi ya kutoka Kisumu kwenda Nairobi, kwamba anatumia simu ya vitufe isiyo na intaneti, na unataka kujua kama arafa za shirika la ndege zitamfikia safari ikibadilishwa, tena kama ni za kutegemewa. Zitamfikia, mradi nambari iliyoandikwa kwenye tiketi iwe yake. Kuzitegemea ni jambo jingine, na hapo ndipo nitakapokuchosha kidogo, kwa sababu mimi ni mkazi wa Kisumu na kwa miaka kadhaa jukumu la kuwapeleka na kuwapokea watu wa ukoo wetu uwanjani limeniangukia mimi, hata likanipatia hasara moja ambayo nisingependa nawe uipate.

Kwanza nambari. Wasafiri wengi wa huku kwetu hununuliwa tiketi na mtu mwingine: mtoto aliye Nairobi, mwajiri, au wakala mwenye ofisi mjini. Anayejaza fomu mara nyingi huandika nambari yake mwenyewe, na tangu hapo habari zote humwendea yeye. Wakala akishafunga ofisi Jumamosi jioni, habari ya safari ya Jumapili alfajiri hulala naye. Kwa hiyo pigia shirika simu, taja ule msimbo wa uhifadhi wa herufi na tarakimu 6 ulio kwenye tiketi, kisha umwombe mhudumu akusomee nambari ya simu tarakimu baada ya tarakimu. Akikuambia kwamba nambari ipo, usitosheke. Shangazi yangu aliwahi kukaa bila arafa hata moja, na nilipofuatilia nikakuta nambari yake imeandikwa +254 na bado ile sifuri ya mwanzo haikuondolewa. Kwa macho ilionekana sawa kabisa, lakini baada ya 254 hufuata tarakimu 9 tu, na ile sifuri moja ilitosha kuzipoteza arafa zote.

Simu ya vitufe yenyewe isikutie wasiwasi. Arafa haihitaji intaneti wala bando, na simu ikiwa imezimwa, kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu huihifadhi kwa muda na kuituma simu inapowashwa. Kasoro niliyoiona katika simu hizi ni nafasi. Wazee wetu huhifadhi kila ujumbe wa M-Pesa kama risiti, sanduku likajaa, na simu iliyojaa haipokei arafa mpya hadi ya zamani ifutwe. Siku mbili kabla ya safari, keti naye mfute zile zisizo na kazi. Mwachie yeye achague. Mimi nilizifuta bila kuuliza nikakemewa wiki nzima.

Sasa ile hasara. Mama yangu anaishi Luanda, ile ya Kaunti ya Vihiga, na alikuwa asafiri Jumamosi kwa ndege ya 09:20, yaani saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kama nilivyomwambia mwenyewe. Alhamisi jioni akanipigia simu kwa furaha: "Baba, wameniandikia, ndege imesogezwa hadi saa saba na dakika arobaini. Sasa hakuna haja ya kuamka usiku." Nikaandika kwenye kalenda saa saba na dakika arobaini mchana, nikashukuru kwamba nitalala. Jumamosi nikaenda kumchukua, tukapita Maseno na Kisian bila haraka, tukaingia uwanjani saa sita kasorobo. Kijana wa kaunta akaitazama tiketi, akamtazama mama, kisha akasema kwa upole: "Mama, ndege yenu ilishatua Nairobi tangu asubuhi."

Niliomba simu ya mama niisome arafa kwa macho yangu. Ilikuwa imeandikwa 07:40. Ndege haikucheleweshwa, ilirudishwa mapema kwa saa moja na dakika arobaini, jambo ambalo mashirika hufanya ratiba zinapopangwa upya. Mama aliona saba akasoma saa saba, kama anavyosoma mtu yeyote anayehesabu saa kwa Kiswahili, na mimi sikumuuliza ni tarakimu gani anazoziona. Ujumbe wenyewe haukuwa na neno lolote la kuonyesha asubuhi au mchana. Sishangai, kwa kuwa arafa moja hubeba herufi 160 tu, nafasi na alama zikiwamo, na mtumaji akizidisha hapo hutozwa arafa ya pili, hivyo kila neno linaloweza kuachwa huachwa. Tulinunua tiketi nyingine ya jioni kwa bei ya siku hiyohiyo, na anayesafiri anaijua bei hiyo ilivyo.

Tangu siku hiyo siulizi tena "wamesema saa ngapi?" Naomba nisomewe tarakimu moja moja jinsi zilivyoandikwa, sifuri, saba, nne, sifuri, kisha nazigeuza mwenyewe. Pia naomba nisomewe tarehe, kwani ndege ya saa sita na robo usiku huandikwa 00:15, na tarehe yake ni ya siku mpya, ingawa sisi tunauita usiku wa jana. Hilo halitamgusa baba yako kwenye safari ya Kisumu, lakini siku utakapompeleka mtu nje ya nchi utalikumbuka.

Kuhusu siku yenyewe ya safari, maoni yangu ni kwamba arafa hufaa sana kwa mabadiliko ya siku kadhaa kabla, na haifai sana saa mbili kabla. Ndege nyingi zinazotoka Kisumu ni zilezile zilizotoka Nairobi muda mfupi uliopita: hushusha abiria, hupakia wengine, hurudi. Kukiwa na ukungu Nairobi alfajiri, ndege ya kwanza huchelewa kuondoka kule, na safari zinazoifuata mchana kutwa hurithi ucheleweshaji huo. Mchana na jioni ni zamu ya radi za ziwani, hasa kuanzia Machi hadi Mei. Arafa hutumwa mtu ofisini akishaamua, na mara nyingi uamuzi huchelewa kuliko hali yenyewe. Wewe mwenye simu ya intaneti unaweza kutazama ndege inayokuja kwa programu kama Flightradar24. Angani kati ya Nairobi na Kisumu ni kama dakika 45, na kushusha na kupakia huchukua kama nusu saa. Kwa hiyo ikiwa imebaki saa moja kabla ya baba kuondoka, na ndege yake bado imeegeshwa Nairobi, jua kwamba atachelewa hata kama simu yake iko kimya.

Hata hivyo, mfikishe uwanjani kwa saa ya awali. Arafa ya kuchelewa haisemi kwamba kaunta nayo itachelewa kufungwa, na ndege iliyotangazwa kuchelewa kwa saa mbili inaweza kupatikana baada ya dakika 50, ikaondoka na waliopo. Kutoka Kakamega mna Chavakali, Mbale na Kiboswa, kisha msongamano wa Mamboleo na Kondele. Hiyo si njia ya kupigia hesabu za dakika za mwisho.

Jambo moja la tahadhari. Jina la shirika linaloonekana juu ya arafa ni maandishi tu yasiyozidi herufi 11, na huwezi kulijibu. Ikija arafa inayosema safari imefutwa na kwamba apige nambari fulani ya simu ili arudishiwe nauli, asipige. Apige ile iliyo kwenye tiketi, na asimtajie mtu yeyote nambari yake ya siri ya M-Pesa, kwani fedha hazihitaji siri yako ili zikuingie.

Ningekuwa wewe, ningeweka nambari yangu kwenye tiketi badala ya ya baba, isipokuwa kama shirika linakubali zote mbili. Wewe ndiye utakayesoma 06:50 na kumpigia kumwambia kwamba ni saa kumi na mbili na dakika hamsini alfajiri. Na kama anaunganisha Nairobi kwa tiketi tofauti ya shirika jingine, tuambie hapa, kwa sababu shirika la pili halitajua lolote kuhusu ucheleweshaji wa la kwanza, na ushauri wangu kuhusu saa ya kuondoka Kisumu utabadilika.