Kabla hujauliza bei ya saa mtumba, uliza ilikuwa ya nani

Wadogo zangu mnaoanza kununua na kuuza saa mtumba, na nyie mnaotaka tu moja ya kuvaa, naomba mnisikilize kwenye hili. Watu wakija mezani kwangu wanauliza kitu kimoja tu, bro hii ni ori au feki? Hakuna anayeuliza ilikuwa ya nani. Na mimi miaka yangu ya kwanza Kariakoo nilikuwa hivyohivyo, mashine nazijua, vioo navijua, bei naijua, lakini anayeniletea saa simuulizi chochote zaidi ya "mwisho ngapi".

Kilichonibadilisha ni Seiko 5 moja ya chuma. Aliileta kijana msafi tu, anaongea kwa heshima, akasema ni ya marehemu babu yake na anataka elfu themanini, nikampa sabini. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umechubuka nikajua ndo saa za wazee zilivyo. Siku kama kumi mbele naisafisha niiweke mezani, nikailaza kidogo kwenye mwanga, nikaona ile michubuko yote imeelekea upande mmoja, mistari imenyooka kabisa, yaani msasa. Na chini ya msasa herufi zimebaki nusunusu, "...ya utumishi", halafu mwaka. Saa ya kuagwa kazini. Mtu katumika mpaka kastaafu, wenzake wamechanga, wamemchongea jina lake nyuma, halafu kuna mtu kakaa chini na msasa akalifuta. Roho iliniuma sana. Wiki hiyohiyo mzee mwenyewe akapita anauliza meza kwa meza, ana RB ya polisi na picha ya siku anaagwa, saa iko mkononi. Nikampa saa yake. Sabini yangu ikaenda, na yule kijana nilikuwa sina jina lake wala namba.

Na hapo nilikuwa na bahati, maana mzee alikuja na RB tu, angeweza kuja na askari. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, ina kifungu cha 311 kinachohusu kupokea mali ya wizi, na cha 312 kinachohusu kukutwa na mali inayodhaniwa ya wizi, na hiki cha pili ndo kinawakuta wafanyabiashara wadogo wengi kwasababu unatakiwa ueleze uliipataje na maelezo yenyewe huna. Halafu ile kauli ya "mi nimenunua kwa hela yangu" haikupi saa. Aliyekuuzia kama saa haikuwa yake basi hakuwa na kitu cha kukuuzia, hata ipite mikono mitano mwenyewe akitokea ni yake.

Sasa simu mnaijua, unabonyeza *#06# IMEI inatokea, na simu ya wizi inaweza kufungiwa isishike mtandao tena. Saa ya mshale haina hicho kitu. Ikiibiwa leo Mwenge kesho inatembea Mwanza vizuri tu haidai chochote. Kwahiyo kazi yote inabaki kwenye mdomo wako na macho yako.

Anza na mdomo, na anza KABLA ya bei, maana mkishaingia kwenye bei akili yako inakuwa kwenye faida na huoni kitu tena. Muulize kawaida tu, siyo kipolisi. Ulinunua wapi, lini, huwa inawahi au inachelewa? Aliyeishi na saa anajua hayo bila kufikiri, atakwambia inawahi dakika kadhaa kwa wiki, atakwambia iliwahi kudondoka ikabadilishwa kioo. Kama ni Seiko ya tarehe na siku, mpe airekebishe siku mbele yako. Zile zina siku kwa lugha mbili, unazungusha inakuja Kiingereza, unazungusha inakuja nyingine, na ukikuta ya pili ni Kiarabu ujue ilitengenezwa kwa soko la Uarabuni, sasa kama anasema kanunua mwenyewe muulize ilifikaje kwake. Kuna wengi wana ndugu Muscat au Dubai, atakujibu palepale kaka yangu aliniletea. Asiyejua atashangaa kusikia hata kuna lugha ya pili.

Halafu mwambie aivae. Hiki kitu kidogo lakini kimenisaidia kuliko vyote. Mkanda wa chuma ulishapunguzwa pingili ukae kwenye mkono wa mtu fulani, sasa mtu anakwambia kaivaa miaka minne, akiivaa inazunguka mpaka uso unaangalia chini, au haifungi kabisa. Siyo ushahidi, labda kweli ni ya baba yake, ila ndo aniambie habari za baba yake.

Macho sasa. Angalia pini zinazoshika mkanda na vile vitundu zinapoingia. Saa iliyovuliwa na mwenyewe pini zake ziko sawa, lakini iliyonyakuliwa dirishani kwenye daladala au mtu akiwa juu ya boda, pini moja inakuwa imepinda au haipo na tundu la upande huo limevutika. Ukiona hivyo na mkanda ni mpya kabisa kwenye saa iliyochakaa, tulia. Mfuniko wa nyuma ulaze kwenye mwanga kama nilivyosema, tumia kioo cha fundi, michubuko ya kuvaliwa inaenda kila upande, ya msasa inaenda pamoja.

Halafu namba. Seiko nyingi zina namba ya tarakimu sita nyuma, ya kwanza ndo tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, 1 mpaka 9, halafu Oktoba wanaandika O, Novemba N, Desemba D. Namba ikianza na 7N ni Novemba ya mwaka unaoishia na 7. Ni muongo gani? Angalia namba ya mashine pembeni yake, 7S26 ilianza kutoka 1996 kwahiyo haiwezi kuwa ya 1987. Mtu akikwambia nimenunua mpya dukani 2016 na namba inasema 7N, yaani 2007 au 2017, hesabu zinakataa, mwache aeleze tena. Rolex za zamani namba iko kwenye bodi upande wa chini, pale penye 6 kwenye uso, mpaka utoe mkanda ndo uione, kuanzia miaka ya 2005 hivi wakaanza kuichonga pia kwenye ile pete ya ndani chini ya kioo. Ukikuta pale mahali pa namba pamekwanguliwa, hapo mimi sisikilizi maelezo yoyote, narudisha saa.

Hizi za bei kubwa, Rolex, Cartier, Omega na kundi lake, usijifanye mjanja peke yako. London kuna The Watch Register wanatunza rekodi za saa zilizoibiwa na kupotea, unalipia kidogo wanakuangalizia namba, na Richemont, kampuni yenye Cartier, walizindua Enquirus 2023, ile unaangalia namba mwenyewe kwenye intaneti bila malipo. Saa ya kuibiwa Ulaya kufika huku siyo ajabu, ni kitu kinaingia mfukoni. Lakini ikitoka safi kwenye rekodi usishangilie, inaonyesha tu kwamba hakuna aliyeiandikisha, na huyo mzee wangu wa Seiko angeiandikisha wapi? Boksi na karatasi nazo soma namba zifanane na saa, tarakimu kwa tarakimu, maana boksi linauzwa peke yake. Risiti ya EFD kama ipo ni nzuri sana, ina duka na tarehe.

Apple Watch ni habari nyingine, ile ina kufuli lake. Mwenye saa lazima aitoe kwenye iPhone yake mbele yako kwa akaunti yake ya Apple. Akisema "simu imeharibika, password nimesahau, we ifute tu", usinunue, ukishaifuta itakudai akaunti ya mwenyewe na unabaki na kipande cha kioo.

Ukiridhika na yote ndo uandike. Daftari, sio kichwani. Jina kama lilivyo NIDA, namba ya kitambulisho, namba ya simu, namba ya saa, picha ya saa mbele na nyuma, bei, tarehe, saini yake. Na hela usitoe keshi, tuma kwa simu, jina litakalotokea kwenye skrini lifanane na la kitambulisho, hapo tu nimeshaona watu wawili wanasema ngoja nakuja na hawakurudi. Kama saa ni ya laki kadhaa kwenda juu mimi naomba twende kwa mjumbe au tuandikishane serikali ya mtaa. Wengine watanuna kwamba unawaita wezi. Waambie hili daftari linawalinda na wao, na ni kweli.

Ukihisi ni ya wizi usimnyang'anye na usipige kelele, mwizi akiitiwa watu mtaani anaweza kuuawa mbele yako kwa saa ya elfu sabini na huko sitaki mfike. Sema tu sichukui, mrudishie. Picha ukiwa umepiga tuma kwenye magrupu ya mafundi uulize kama kuna aliyeibiwa saa kama hiyo. Na kama ulishanunua ndo unagundua, usiiuze uokoe hela yako, maana hapo sasa unajua na kosa linakuwa lako kamili. Nenda nayo kituoni na daftari lako, waandikishe, uchukue RB.

Yule mzee bado anakuja kwangu kusafisha saa yake. Jina halijachongwa upya, nilimwambia nimchongee bure akakataa, anasema yale mabaki ya herufi yanamtosha.