G29 au T300RS? Anza na breki (jibu refu kutoka Mbeya)

Mkuu uliyeuliza kutoka Iringa, swali lako nimelielewa hivi: una kompyuta, una hela ya kuchukua usukani wa gemu za magari wa Logitech, G29 ya mtumba, leo, au uvumilie miezi kadhaa ufikishe ya usukani wa Thrustmaster, T300RS, na unataka kujua vinatofautianaje mkononi na mguuni. Waliojibu juu wamekutajia bei na kukuwekea picha. Mimi G29 nimekaa nayo muda mrefu hapa Mwanjelwa, sasa hivi natumia T300RS, na kuna jamaa yangu wa mtaa wa Forest ana usukani wa tatu, Moza R5, ambayo huwa naing'ang'ania mpaka anaanza kuzima taa za sebuleni.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyetaka maelezo aishie hapa. Usukani wowote kati ya hiyo utakufurahisha, ila hela ya kwanza iende kwenye breki, na kwenye kitu cha kufungia vifaa visitembee.

Tuanze na usukani kwa kuwa ndio uliouliza. G29 inatumia gia. Ndani kuna mota mbili zinazosukuma meno, na meno hayo mikono inayajua: ukizungusha taratibu unahisi vikwaruzo, ukiwa kwenye barabara iliyonyooka kuna ulegevu kidogo pale katikati, na ukipanda ukingo wa lami au ukiingia barabara ya vumbi unagonga tak-tak-tak. Kama unalala chumba kimoja na mdogo wako, rali cheza mchana. T300RS inatumia mkanda na mota isiyo na brashi, kwa hiyo inateleza tu. Kelele yake ni ya feni, na ukiikamua muda mrefu inapata joto na nguvu inashuka kidogo. Baridi ya Juni ya huku kwetu inaisaidia. Wa Kyela kwenye joto watajijua. Ubaya wa mkanda ni kwamba unameza vitu vidogo vidogo, zile nyufa na viraka vya lami, vinakufikia vikiwa vimelainishwa. Moza R5 haina meno wala mkanda, usukani umefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, na hapo kila kiraka unakisoma.

Kwa namba (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha): G29 inatoa Nm 2 na kidogo, T300RS karibu 4, R5 ni 5.5. Namba hizo hazimwambii mtu kitu mpaka uzigeuze uzito. Usukani wa sentimita 28 una nusu kipenyo ya 14, kwa hiyo pale unaposhika ni kama kilo moja na nusu kwa G29, kilo 2.8 hivi kwa T300RS na kilo 4 kwa R5, na hapo ni nguvu ya mwisho kabisa, tena unaigawa kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja utakaokuvunja kidole gumba. Wanaotisha watu na habari za kuumizwa mikono wanazungumzia mashine kubwa zaidi ya hizi.

Nguvu yenyewe isikutawale sana. Gemu nzuri inachokutumia usukanini kinatoka hasa kwenye tairi za mbele, jinsi zinavyovuta kurudi katikati ukiwa kwenye kona. Unavyozidi kukata, uzito unapanda, halafu kabla tu tairi hazijaachia lami uzito unashuka. Usukani unakuwa mwepesi kabla pua ya gari haijaanza kwenda nje ya kona. Kama kuna habari moja ya kulipia hela kwenye vifaa hivi ni hiyo. G29 inakupa, lakini imejichanganya na kelele za meno, mpaka uitafute. T300RS unaipata bila kuitafuta. R5 inakuongezea jambo la pili: mkia wa gari ukichomoka, usukani unajigeuza wenyewe kuufuata kwa kasi ambayo gia haziwezi, na kazi yako ni kuuachia upite viganjani halafu uukamate.

Sasa, watu wengi wakishafunga tu wanapandisha nguvu mpaka mwisho. Fungua gemu ya mbio ya Assetto Corsa, washa kile kidirisha kidogo kinachoonyesha pedeli. Pembeni ya mafuta, breki na klachi kuna mstari wa nguvu ya usukani. Ukiona unawaka mwekundu kila kona, mota imefika kikomo, na kona kali na kona ya kawaida zinakuwa na uzito uleule. Shusha mpaka wekundu uonekane mara chache tu. G29 iliyoshushwa vizuri inakwambia mengi kuliko T300RS iliyojazwa, na hilo nimeshabishana nalo na watu mpaka nikawakalisha kwenye kiti wajaribu wenyewe.

Haya, breki.

Pedeli za kawaida, pamoja na za G29 na zinazokuja na T300RS, zinapima umbali. Mguu ukishuka sentimita kadhaa, gemu inahesabu asilimia kadhaa. Breki ya gari la kweli haiko hivyo. Ukiwa kwenye Noah ukitelemka kuelekea Tukuyu, pedeli inasogea kidogo mwanzoni, baada ya hapo haishuki tena sana, unachoongeza ni kusukuma, na mafuta ya breki yanakusukuma nawe. Mguu unakumbuka ulisukuma kwa nguvu kiasi gani. Kukumbuka ulishusha sentimita ngapi ni kazi ngumu, hasa ukiwa na presha ya mtu nyuma. Ndiyo maana pedeli za lodiseli, zile zinazopima uzito wa mguu badala ya umbali, zinakufanya ubreki mahali palepale kila mzunguko. Hata mtu ambaye hajawahi kucheza ataliona hilo kabla hajauona uzuri wa usukani.

Kati ya hizo mbili za kawaida, G29 iko mbele. Ndani ya pedeli ya breki wameweka kipande cha mpira, hivyo nusu ya kwanza ni laini na baadaye inakaza. Utawasikia watu wanakwambia utoe huo mpira. Uache. Kama huna nguvu ya kufika mwisho, nenda kwenye mpangilio wa gemu useme asilimia mia ianzie hapo unapofika wewe. T300RS ya kawaida inakuja na pedeli mbili tu, bila klachi, na breki yake ni kama kukanyaga godoro la sponji. Toleo la GT ndilo lenye pedeli tatu. Maana yake ukisubiri miezi hiyo ukanunua T300RS ya kawaida, mikono itapanda daraja na mguu utashuka.

Kama wewe ni mtu wa malori, hayo ya breki yageuze. Mjomba wangu anaendesha semi njia ya Tunduma hadi Dar, alipumzika kwangu siku moja nikamkalisha kwenye Euro Truck Simulator 2 nikitegemea ataiponda breki ya G29. Hakuiponda hata kidogo. Breki ya upepo unapoikanyaga unafungua valvu. Unavyoishusha ndivyo upepo unavyoongezeka kwenda kwenye magurudumu, hakuna mafuta yanayorudisha msukumo kwenye soli ya kiatu. Kwa hiyo pedeli inayopima umbali kwake ni ya kawaida kabisa. Alicholalamikia ni usukani kuwa mdogo na mizunguko michache, G29 ina nyuzi 900, mizunguko miwili na nusu tu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Halafu akauliza eksozi breki, ile inayobana moshi wa injini kupunguza mwendo, iko wapi, kwa sababu mlima Kitonga mtu hashuki kwa breki ya mguu. Tuliipangia kwenye kitufe cha usukanini akatulia. Mtu wa malori asimalize hela kwenye lodiseli.

La pili nililosema ni kufunga vifaa, na hapa watu wa Iringa mna bahati. Pedeli za Logitech chini zina meno ya kushika zulia. Kwenye sakafu ya saruji au vigae hazishiki kitu, ukibreki kwa nguvu zinakimbilia ukutani na kiti chako cha magurudumu kinakimbilia mlangoni. Ukishaogopa kubreki kwa nguvu, tofauti ya vifaa vyote nilivyoeleza inakufa, hata lodiseli haitakusaidia, kwanza ndiyo itakayokimbia zaidi. Nenda Mafinga au hapo mjini Iringa kwa wauza mbao, chukua paina za Sao Hill, zile za mbili kwa nne, zilizokauka. Mbichi itapinda na boliti zitalegea. Mpe fundi seremala vipimo: fremu moja inayobeba kiti, pedeli na usukani kwa pamoja, ili ukisukuma breki unasukuma kiti chako mwenyewe. Ubao wa pedeli uinamishwe kidogo kukuelekea. Usukani uwe usawa wa kifua, viwiko vikunjike. Usitumie misumari peke yake, tumia boliti na washa pana, la sivyo mitikisiko itaifungua yote. Kiti cha gari kutoka kwa wauza vipuri vya mtumba kinakaa vizuri, cha plastiki sahau.

Gia ya mkono ya G29 inauzwa peke yake. Ukiipata, ifunge kushoto. Video nyingi zinaonyesha kulia kwa sababu wenzetu hao wanaendesha upande mwingine, lakini sisi tumezoea kubadili gia kwa mkono wa kushoto na hakuna sababu ya kuufundisha mkono wa kulia kazi usiyoihitaji ukirudi barabarani.

Kwa hiyo kwako mwenye kompyuta: chukua G29, tengeneza fremu, na hiyo hela ya tofauti iwe ya pedeli za lodiseli baadaye. Kompyuta inakubali pedeli za kampuni nyingine kwenye tundu lake la USB, bila kupitia usukani. PlayStation haiko hivyo, pedeli lazima zipite kwenye usukani, na kama una mpango wa kuhamia huko basi heri uvumilie T300RS, uje uiongezee T-LCM ambazo ni lodiseli za kampuni hiyohiyo.

Ukienda kuikagua ya mtumba beba laptop. Ikichomekwa umeme na USB inatakiwa ijizungushe yenyewe kushoto na kulia kisha itulie katikati. Toa mikono wakati huo. Fungua dirisha la vidhibiti vya gemu kwenye Windows, kanyaga kila pedeli polepole uangalie mstari unapanda bila kuruka, halafu ishikilie nusu. Mstari ukitetemeka wakati mguu umetulia, potenshiomita, kile kipimio cha ndani ya pedeli, ina vumbi au imelika; vumbi linasafishwa kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, iliyolika inabadilishwa, na bei ishuke kwa hesabu hiyo. Muuzaji akikwambia umeme umekatika lakini "inafanya kazi vizuri", mwambie utarudi ukiwaka.