Una wiki moja Uganda? Shika njia ya magharibi na uamke mapema

Nikiulizwa mtu mwenye wiki moja tu aende wapi Uganda, jibu langu halibadiliki: anzia Kampala, nenda Fort Portal, halafu shuka mpaka Kabale na Kisoro. Makasri, maziwa, milima, vyote viko kwenye njia hiyo moja. Lakini jamani, ratiba ipangwe kwa kufuata mawingu. Milima ya huku inaonekana asubuhi, ikifika saa nne au saa tano mawingu yameshafunika, na nimewaona wageni wengi wanalala mpaka saa tatu, wanakunywa chai taratibu, halafu wanaondoka Fort Portal bila kuiona Rwenzori kabisa wakati ilikuwa hapo hapo mbele yao. Kwa hiyo mlima asubuhi, kasri mchana, ziwa jioni.

Siku ya kwanza baki Kampala uende kilima cha Mengo, kwenye Lubiri, yaani kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Kabaka Mwanga ndiye aliyehamia kilima hiki mwaka 1885, na lile ziwa dogo la karibu, Ziwa la Kabaka, lilichimbwa kwa mikono ya watu kwa amri yake. Tembea kwa miguu kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, ile barabara imenyooka mpaka getini, na kwenye raundabauti kuna njia inayopita katikati ambayo ni ya Kabaka peke yake, wengine wote tunazunguka. Ndani mwongozaji atakueleza mwaka 1966 jeshi la Obote lilivyoshambulia jumba na Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, kisha atakupeleka kwenye vile vyumba vya chini vya enzi za Amin ambako watu waliteswa na kuuawa. Kama uko na watoto wadogo wasiingie kule, ni pazito.

Fort Portal mimi nasema ulale usiku tatu, usipunguze. Kasri la Mfalme wa Tooro, Karuzika, liko juu ya kilima na mji wote uko chini yako. Mfalme Oyo alitawazwa 1995 akiwa mtoto wa miaka mitatu. Ukisalimiana na Watooro watakuuliza empaako yako, lile jina la heshima na mapenzi kama Akiiki, Amooti au Abwooli, na kama huna waombe wakupe, watafurahi sana na mazungumzo yatabadilika hapo hapo, hata bei ya boda inapungua.

Maziwa ya kreta yako kusini ya mji, ni mengi, na yote yametokana na milipuko ya volkano ya zamani. Toa noti ya 20,000 uiangalie, lile ziwa ni Nyinambuga. Chukua boda ya siku nzima, mkubaliane bei kabla ya kupanda, muende alasiri jua likiwa limepoa. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei hasa, barabara za udongo kule zinateleza vibaya, bora uje Juni mpaka Agosti, au Desemba na Januari.

Halafu ile safari ya kushuka kusini usiifanye usiku hata ukiambiwa utaokoa muda!! Unapita Kasese na Rwenzori iko kulia kwako (kilele chake Margherita ni mita 5,109, na barafu ya kule juu inazidi kupungua kwa hiyo usiahirishe), unavuka ikweta, unaingia mbuga ya Queen Elizabeth, unavuka mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, yote hayo ukiwa umekaa dirishani tu.

Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, kuna baridi, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, beba sweta nzito. Visiwa ni 29 na mwenye mtumbwi atakupeleka Akampene, pale walipokuwa wanaachwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa wafe kwa njaa au maji. Ni kisiwa kidogo sana chenye nyasi. Usipite pale kwa kelele na selfi, sikiliza hadithi yote, na muulize pia kuhusu Bwama ambako kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma.

Mwisho Kisoro. Hapo volkano tatu, Muhabura (mita 4,127), Mgahinga na Sabinyo, zimesimama pamoja, na kilele cha Sabinyo ndipo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Kama huna nguvu ya kupanda nenda Ziwa Mutanda alfajiri, volkano zote unaziona kutoka majini. Kiswahili kinapita vizuri Kisoro sababu ya mpaka. Kurudi Kampala kwa basi ni siku nzima, kata tiketi jana yake, na siku hiyo usimwahidi mtu yeyote kwamba mtaonana jioni.