Bwawa linanuka klorini: nipunguze dawa?

SWALI: Bwawa letu la nyumbani linanuka klorini mno, na watoto wakitoka majini macho yamewaiva. Nimeacha kutia dawa siku kadhaa sasa. Harufu haiishi na maji yameanza ukungu. Nikipima klorini kwa matone, maji hayageuki rangi kabisa. Nifanyeje?
Mama wa watatu

JIBU: Pole dada, na watoto wasiingie kwanza. Harufu hiyo si ya klorini kuzidi. Klorini ikikutana na jasho na mkojo hugeuka kloramini, nayo ndiyo inayochoma macho na pua. Katika miaka yangu ya kutunza mabwawa, hili ndilo linalowapoteza wengi: wanasikia harufu, wanapunguza dawa, maji yanazidi kuharibika.

Pima upya. Zamisha chupa mpaka kiwiko kilowe, mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye chujio. Maji ya kipimo kubaki bila rangi kuna maana mbili. Huenda klorini imekwisha; au imezidi mno hata inaifuta rangi, na ukikodoa macho utaona waridi ikipita mara moja na kupotea. Chukua sehemu moja ya maji ya bwawa na nne za maji ya kunywa ya chupa, upime. Rangi ikitokea, zidisha jibu mara tano. Isipotokea, klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, haipo, na kwa maelezo yako nadhani ndivyo ilivyo. Kisha pima klorini yote. Ukitoa klorini huru, kinachobaki ni kloramini. Ikivuka miligramu 0.4 kwa lita, bwawa linahitaji dozi kubwa, ya kupandisha klorini huru hadi mara kumi ya kloramini uliyoipata.

Ila usimimine bado! Anza na ualkali, yaani uwezo wa maji kuishikilia pH (kipimo cha uchachu wa maji) isiyumbe; uwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Ukiwa chini, pH haitulii. Tia bikaboneti ya soda. Halafu pH yenyewe, 7.2 hadi 7.8. Kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini huru ina nguvu ya kuua vijidudu. Kwenye 8 inabaki kama robo tu, dawa yako inapotea bure. Kuishusha tumia asidi. Nakusihi: asidi ndiyo imiminwe kwenye ndoo ya maji, kamwe si maji kwenye asidi, na isikaribiane na klorini hata chombo kimoja, kwani hutoa gesi ya sumu.

Klorini itie jua likizama, maana jua huila, na pampu izunguke usiku kucha. Asubuhi pima tena. Watoto warudi klorini huru ikishuka hadi kati ya 1 na 3, na sakafu ya bwawa ionekane wazi kutoka juu.

Kama unatumia vidonge vya klorini, pima pia asidi ya sayanuriki, inayoikinga klorini isiliwe na jua. Vingi huiongeza kila vinapoyeyuka, na ikipita 50 klorini huzidi kuwa nzito kufanya kazi. Hakuna dawa ya kawaida ya kuitoa: punguza maji, ujaze mapya.