Yadi ya skrepa imetuota mlangoni, tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi. Tupo Mwanza pembeni ya ziwa, kiwanja cha jirani kilikuwa cha makazi, mwaka huu kimegeuka yadi ya skrepa, usiku wanachoma nyaya watoe kopa, moshi mweusi unaingia mpaka kwenye neti na mvua ikinyesha maji yenye oili yanashuka ziwani tunakochota. Tukiuliza wanasema wana leseni. Ni kweli inatosha?
– Mama wa watoto 3

JIBU: Pole sana mama. Haitoshi kabisa! Leseni ya biashara sio kibali cha ardhi, hapo ndo wengi wanazibwa mdomo. Kiwanja cha makazi kikitaka kuwa cha viwanda lazima kipate kibali cha kubadili matumizi, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo wazi. Alafu pimeni kwa kamba, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, hoja iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, muhuri ugongwe, kopi iende kwa mtendaji wa kata na barua kwa mkurugenzi mkiomba kuonyeshwa kibali chenyewe, na diwani msimwache maana madiwani ndo wanakaa kamati ya mipango miji.

Na jamani watoto wasichezee mchanga wa pale, betri kuukuu zina madini ya risasi, yanaharibu ubongo wa mtoto taratibu. Hilo msingoje barua ijibiwe.