Usipime Chanjo Yako kwa Mwili wa Mwenzako

Katika familia yetu mimi ndiye ninayetunza kadi za chanjo, za wazazi hadi za watoto. Kila wakitoka kuchanjwa huanza kulinganishana. Mwaka jana, baada ya chanjo ya mafua, mimi nililala na homa na mkono ukauma, lakini baba, aliyevuka miaka 70, hakusikia chochote. Akafurahi kwamba kinga yake ni imara kuliko yangu. Hapana. Homa na maumivu si kipimo cha kinga, na umri wake ndio hasa unaonifanya nimfuatilie.

Kwa chanjo nyingi, ikiwemo ya mafua na ya homa ya ini B, wanawake hutengeneza kingamwili (protini za mwili zinazopambana na vijidudu) nyingi kuliko wanaume. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliona wanawake waliopewa nusu dozi ya chanjo ya mafua wakikaribiana na wanaume waliopata dozi kamili. Homoni ya kike, estrojeni, huchangamsha kinga, ya kiume, testosteroni, huipoza, na jeni kadhaa za kinga zimo kwenye kromosomu X, ambayo wanawake wengi wanazo mbili. Ndiyo maana pia sisi wanawake hulalamika zaidi baada ya sindano. Dada, kama kazi yako ni nzito, chanjwa siku ambayo kesho yake utapumzika, na homa ya dozi ya kwanza isikukimbize ya pili. Wala usiombe nusu dozi. Kipimo cha dozi ni kilekile kwa wanawake na wanaume.

Kwa wazee tatizo ni jingine. Tezi ya thaimasi, zinakokomaa seli T (askari wa kinga), huanza kusinyaa tangu balehe, hivyo uzeeni seli mpya za kukabili kijidudu kigeni huwa chache. Kwa sababu hiyo ipo chanjo ya mafua ya watu wa miaka 65 na zaidi yenye antijeni (kiini kinachoifundisha kinga kumtambua adui) mara nne ya ile ya kawaida. Mzee wako akienda, uliza kama ipo. Ulizia pia chanjo ya mkanda wa jeshi, dozi mbili kuanzia miaka 50.

Ninayoisisitiza kuliko zote ni chanjo ya homa ya ini B. Baada ya miaka 40 mwitikio wa mwili kwa chanjo hiyo hushuka, na hushuka zaidi kwa mwanamume, mvutaji sigara na mwenye unene uliopitiliza. Kaka yangu anafanya kazi inayomgusisha na damu, naye ana miaka zaidi ya 40 na anavuta. Alimaliza dozi tatu akaona yameisha. Nikamsihi apime kingamwili mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Kiwango kinachotakiwa ni angalau mili-uniti 10 kwa mililita, chake hakikufika. Akarudia mzunguko mzima, akafika. Bila kipimo kile angeendelea kushika damu za watu akijiona amekingwa.

Kwa watoto, fuata tarehe za kadi. Surua haichanjwi mapema mno kwa kuwa kingamwili za mama huizimisha chanjo. Ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, isicheleweshwe: msichana wa miaka 9 hadi 14 huitikia vizuri kuliko mwanamke mtu mzima.

Na mwenye miaka 60 au zaidi anayetakiwa kuchanjwa homa ya manjano kwa mara ya kwanza aonane na daktari kabla ya sindano, maana madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi watu wa umri huo.