Baridi ya Mbeya haikuambukizi, fungua dirisha la daladala

Anayepanda daladala Mbeya kati ya Juni na Agosti anaujua ugomvi wa dirisha. Mmoja akilisogeza, aliye nyuma yake anafoka: "Funga hilo, unatuletea mafua!" Na huwezi kumlaumu. Asubuhi pale Uyole ukungu unakuwa bado umelala barabarani, na Hiace imejaa mpaka konda anachungulia nje kwa kukosa pa kusimama. Vioo vyote vimefungwa na kwa ndani vinatiririka maji. Maji yale ni pumzi zetu wote, kuanzia suka mpaka siti ya nyuma.

Baridi haizai mafua. Mafua yanatokana na virusi, kifua kikuu kinatokana na bakteria, na vyote viwili vinatoka kwa mtu. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, au hata akiongea tu, anatoa chembe ndogo mno zinazoweza kuelea saa kadhaa mahali pasipopita hewa. Kwa hiyo aliyekohoa anaweza kushuka Sae, wewe ukapandia hapohapo na kuivuta hewa aliyoiacha. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliambiwa level siti, yaani abiria wakae tu bila kusimama, na stendi zikajaa ndoo za maji na sabuni. Vilikuwa vitu vizuri, ila naona madirisha tuliyasahau.

Mimi sifungui dirisha moja pana. Hilo ndilo linaloleta kelele, maana upepo wote unampiga mtu mmoja usoni. Naomba mawili yaachwe wazi kidogo, upana wa vidole viwili vitatu: moja la mbele upande huu, jingine la nyuma upande wa pili. Gari likitembea, hewa inaingia huku na kutokea kule. Lugha nayo ina kazi yake. "Shikamoo mama, naomba tuache upenyo kidogo, watu wanakohoa humu" inapokelewa vizuri kuliko kusukuma kioo kimyakimya. Mama mwenye mtoto mgongoni ana hoja, anaogopa kichomi. Huyo mpishe akae mbali na upenyo, mtoto afunikwe vizuri, na dirisha liendelee kuwa wazi. Wewe mwenyewe vaa koti. Hapa ni Mbeya, koti unalo.

Mikono nayo ina magonjwa yake. Mnakumbuka macho mekundu ya mwanzoni mwa 2024? Yale yanapita kwenye vidole: umeshika bomba, umepokea chenji, umejifikicha jicho. Usijiguse uso mpaka unawe, na karanga za dirishani zisubiri ufike nyumbani.

Sasa wewe unayekohoa. Barakoa inafaa zaidi ikivaliwa na mgonjwa, kwa sababu inazuia chembe pale zinapotokea. Ukiweza, siku hiyo panda bajaji, ina hewa ya kutosha hata ukiona imekuchakaza kwa baridi. Kikohozi kikifika wiki mbili, acha kubadilisha dawa za dukani, nenda kituo cha afya upime makohozi. Dawa za TB hutolewa bure, kwa kawaida ni miezi 6, na anayezitumia vizuri hupunguza sana uwezo wa kuambukiza wengine ndani ya wiki chache tu. Wanaoacha wakijisikia nafuu ndio wanaotuletea TB sugu.

Suka na konda ndio ninaowahofia zaidi. Abiria anashuka Kabwe akavute hewa safi. Wao wanavuta ya kila aliyepanda, alfajiri mpaka usiku. Kwa hiyo kaka zangu, kile kioo cha nyuma kilichogoma msikizibe kwa gundi, kipelekeni kwa fundi. Na mkifika mwisho wa ruti, kabla hamjaita abiria wapya, fungueni mlango na vioo vyote gari lipigwe na upepo.